Kasino Mpya, Mitambo Ileile

Kila wiki huzaliwa kasino "ambayo haijawahi kutokea". Jina geni, rangi zinazowaka, bonasi ya asilimia 200, na saa inayohesabu kurudi nyuma: zimebaki dakika 14 ofa ifungwe. Fungua ukurasa huohuo kesho asubuhi, utakuta zimebaki dakika 14. Ofa inayokufa kila siku na kufufuka kila siku haina haraka yoyote. Anayeharakishwa ni mteja, asije akafika kwenye ukurasa wa masharti.

Na masharti ndiyo bidhaa yenyewe. Michezo, mabango na mishale inayomeremeta ni karatasi ya kufungia tu. Ukitaka kujua kama tovuti mpya ina jambo lolote jipya, anzia chini kabisa ya ukurasa, kwenye yale maandishi madogo ya kijivu ambayo mbunifu wa tovuti alitamani yasionekane.

Nyumba moja, milango arobaini

Kufungua kasino ya mtandaoni siku hizi hakuhitaji mtu kutengeneza hata mchezo mmoja. Zipo kampuni zinazokodisha jukwaa zima: mfumo wa akaunti, njia za malipo, huduma kwa wateja, kivuli cha leseni, pamoja na maelfu ya michezo kutoka kwa watengenezaji walewale wanaouza kwa kila mtu. Mwenye "kasino" analeta jina, nembo na fedha za matangazo. Jukwaa moja linaweza kubeba majina kadhaa, na mengine yakafungwa na kuzaliwa upya kwa jina jingine bila mteja kujua kwamba anazungumza na watu walewale.

Kulithibitisha hili ni kazi ya dakika tano. Shuka chini ya ukurasa, chukua jina la kampuni na namba yake ya usajili, vitafute. Kisha fungua masharti, nakili sentensi moja ndefu isiyo ya kawaida, uiweke ndani ya alama za kunukuu kwenye mtambo wa kutafutia. Zikirudi tovuti ishirini zenye sentensi hiyo neno kwa neno, hata kosa la uchapaji likiwa palepale, umeshaipata familia yake. Wakati mwingine aliyenakili husahau kubadilisha jina, na ndani ya kifungu cha tisa unakutana na kasino nyingine kabisa. Halafu angalia umri wa anwani ya tovuti kwa WHOIS, ambayo ni huduma ya bure. Tovuti inayojisifu kwa "uzoefu wa miaka kumi" huku anwani yake ikiwa imesajiliwa miezi miwili iliyopita imejieleza vya kutosha.

Kukodi jukwaa si dhambi. Umuhimu wake uko kwenye droo ya fedha: kama ndugu zake watatu wanalalamikiwa kwa kutolipa, huyu wa nne analipa kutoka droo ileile.

Namba iliyo kwenye ukurasa wa mwisho

Fungua mchezo wowote wa sloti, yaani mashine ya picha zinazozunguka, bonyeza alama ya "i" au ya kuuliza, kisha pitisha kurasa za maelezo. Utaona picha za alama na thamani zake, namna ya kupata mizunguko ya bure, mistari ya ushindi. Usiishie hapo. Kwenye ukurasa wa mwisho au unaoukaribia kuna mstari mmoja wenye herufi RTP na asilimia, tuseme 96. Maana yake ni kwamba kati ya kila 100 zinazochezwa, 96 hurudi kwa wachezaji wote kwa jumla, baada ya mizunguko mamilioni. Kuhusu jioni yako wewe, namba hiyo haina ahadi.

Jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui ni kwamba mtengenezaji huuza mchezo uleule katika matoleo kadhaa. Book of Dead ya Play'n GO, mojawapo ya sloti zinazochezwa sana, ina toleo la asilimia 96.21, lipo la 94.25, lipo la 91.25, na lipo la 87.25. Picha ni zilezile, muziki ni uleule, farao ni yuleyule. Anayechagua toleo ni kasino. Kwa hiyo mtu anayesema "huu mchezo naujua" baada ya kuhamia tovuti mpya huenda anaujua kwa sura tu.

Kutoka 96 kwenda 91 panaonekana padogo kwa sababu tunatazama upande usiotuhusu. Tazama upande wa pili: kampuni imetoka kuchukua 4 hadi kuchukua 9. Dau la 100, mzunguko mmoja kila sekunde sita, ni mizunguko 600 kwa saa na madau ya 60,000. Kwa toleo la kwanza bei ya saa hiyo, kwa wastani, ni 2,400. Kwa la pili ni 5,400. Hakuna bango litakalokuambia kwamba bei imepanda zaidi ya mara mbili.

Mabango yanayotangaza "tunarudisha hadi asilimia 99" yasomwe kwa kuanzia neno "hadi". Namba kama hiyo huwa ya mchezo mmoja, mara nyingi blackjack, tena kwa mtu anayecheza kila karata kwa usahihi kamili. Ruleti ya sifuri moja ina vyumba 37 na hulipa 35 kwa 1, hivyo kampuni inabaki na asilimia 2.70, yenye sifuri mbili ina vyumba 38 na kampuni inabaki na 5.26. Hesabu hii haibadiliki kwa sababu meza imepewa jina la "turbo" au mchezeshaji amevaa suti ya dhahabu.

Kasi nayo ni bei. Uingereza iliona hivyo: tangu tarehe 31 Oktoba 2021 sloti za mtandaoni zenye leseni ya huko haziruhusiwi kuzunguka chini ya sekunde 2.5, hazina kitufe cha kujizungusha zenyewe, na haziruhusiwi kupiga muziki wa ushindi pale ulipoweka 100 ukarudishiwa 40. Hilo la mwisho lina uzito wake. Mashine inawaka, sarafu zinamwagika kwenye skrini, na salio limepungua kwa 60. Tovuti zilizo nje ya sheria hiyo huendelea kuitangaza "kasi ya umeme" kama sifa njema.

Bonasi, tukiipigia hesabu

Hapa ndipo penye kelele nyingi zaidi, basi tukae kidogo.

Tuseme tovuti mpya inakupa asilimia 100 hadi 10,000. Unaweka 10,000, unaona 20,000. Chini kuna maneno "mzunguko mara 40". Swali la kwanza la kuuliza ni mara 40 ya nini. Kama ni ya bonasi peke yake, unatakiwa kubeti jumla ya 400,000 kabla ya kutoa chochote. Kama ni ya bonasi pamoja na fedha uliyoweka, ni 800,000. Tofauti hiyo hubebwa na kiunganishi kimoja katikati ya sentensi.

Chukua hali nafuu, 400,000, kwenye sloti ya asilimia 96. Asilimia 4 ya 400,000 ni 16,000. Zawadi ni 10,000 na gharama ya kuifungua, kwa wastani, ni 16,000. Kwenye hali ya pili gharama ni 32,000 wakati mfukoni mna 20,000. Kwa vitendo wengi salio huisha njiani, na wachache wanaofika mwisho hufika kwa sababu walipata mpigo mkubwa mapema. Hao wachache ndio utakaowaona kwenye matangazo.

Kisha kuna vifungu vinavyokaa pembeni kama kondoo. Kifungu cha mchango: sloti huhesabiwa asilimia 100, ruleti pengine 10, blackjack 5 au sifuri. Anayependa ruleti kwa kiwango cha 10 anageuziwa 400,000 kuwa 4,000,000. Kifungu cha dau la juu: ukiwa na bonasi usizidishe, mathalani, 500 kwa mzunguko. Mfumo wenyewe mara nyingi haukuzuii. Unakuacha uweke 520 mara moja kwa bahati mbaya, kisha siku ya kutoa fedha mkaguzi anaupata mzunguko huo na ushindi wote unafutwa kwa mujibu wa kifungu ulichokikubali. Ikiwa kampuni ina uwezo wa kuliona dau hilo wiki mbili baadaye, ina uwezo wa kulikataa palepale. Kutolikataa ni uamuzi.

Kifungu cha muda: siku saba. Mizunguko ya 100 kufikisha 400,000 ni 4,000, na kwa sekunde sita kila mmoja ni saa sita na dakika arobaini za kubonyeza bila kupumua. Kifungu cha kiwango cha juu cha kutoa: bonasi isiyohitaji kuweka fedha huruhusu kutoa mara kadhaa tu ya thamani yake, hata kama umeshinda mara mia. Na kifungu cha bonasi inayonata, ambayo huonekana kwenye salio lakini huondolewa siku unapotoa, kama kiti cha kuazima kwenye harusi.

Kabla ya kuweka fedha, tafuta sehemu ya kukataa bonasi. Mara nyingi kisanduku kimeshawekewa tiki. Ukikiacha, fedha yako mwenyewe inafungwa pamoja na ya zawadi, na kwenye tovuti nyingi fedha yako ndiyo inayotumika kwanza.

Kindege na wanaojua kitaangukia wapi

Michezo ya kupaa, ambayo wengi wanaiita kindege kwa sababu ya Aviator ya Spribe iliyotoka 2019, ndiyo nyota ya tovuti nyingi mpya. Namba inapanda kutoka 1.00, unatoa kabla haijakatika na dau lako linazidishwa kwa namba hiyo. Aviator ina RTP ya asilimia 97, na ukiielewa hiyo umeuelewa mchezo mzima: nafasi ya kufika namba fulani ni 0.97 ukigawanya kwa namba hiyo. Kufika 2.00 ni asilimia 48.5. Kufika 10 ni asilimia 9.7. Kufika 1.10 ni kama asilimia 88.

Mbinu ya "kutoa mapema, 1.10 tu, kidogokidogo" ndiyo inayosambazwa kuliko zote. Dau la 100: mara 88 kati ya 100 unapata 10, mara 12 hivi unapoteza 100. Unakusanya 880 na kupoteza karibu 1,200, au tuseme kwa usahihi zaidi, unapoteza 3 kwa kila 100. Ukitoa kwenye 2.00 unapoteza 3 kwa kila 100. Ukingoja 50, ni 3 kwa kila 100. Unachochagua ni namna ya kupoteza: kwa matone au kwa mkupuo.

Mbinu ya pili ni kudabo baada ya kila hasara ukilenga 2.00. Anza na 100. Ukipoteza mara kumi mfululizo umeshatoa 102,300 na dau linalofuata ni 102,400, ili hatimaye upate faida ya 100. Mfululizo wa hasara kumi kwa nafasi ya asilimia 51.5 huja, kwa wastani, kila baada ya raundi 1,570 hivi. Raundi 200 kwa saa, hiyo ni takriban saa nane. Kwa mtu anayecheza nusu saa hadi saa moja kila siku, ni wiki moja au mbili. Kabla ya hapo pia kuna ukomo wa dau uliowekwa na tovuti, ambao kazi yake ni hiyohiyo.

Halafu kuna programu za "kutabiri kindege". Hizi zinastahili kuelezwa kwa mitambo yake. Kabla ya raundi, seva huandaa namba ya siri na kuonyesha alama yake iliyofumbwa, yaani hashi, ambayo haiwezi kufumbuliwa kurudi nyuma. Katika Aviator namba hiyo huchanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau kwenye raundi hiyo, na mchanganyiko huo ndio unaotoa mahali pa kukatika. Maana yake matokeo ya raundi ijayo hayajakuwepo bado wakati programu inadai kuyasoma. Kinachosomwa hapo ni mfuko wako. Programu nyingi za aina hiyo hukutaka ufungue akaunti mpya kupitia kiungo chao na kuweka kiwango fulani "ili iunganishwe". Mwenye programu analipwa kamisheni ya mteja mpya, na namba zinazotokea kwenye skrini yake ni za kubuni. Nyingine zinaomba nywila yako moja kwa moja.

Uhakiki wa hashi, tukubali, ni kitu kizuri: unakuwezesha kuangalia baada ya raundi kwamba matokeo hayakuguswa. Lakini unathibitisha raundi. Hauthibitishi kwamba cheki ya kutoa fedha itatoka.

Mikeka mirefu

Kwa upande wa mpira, tovuti mpya hujinadi kwa "odi kubwa kuliko zote", odi ikiwa namba inayozidisha dau lako ukishinda. Pima mwenyewe. Chukua mechi moja, gawanya 1 kwa kila odi, jumlisha. Odi za 2.10, 3.30 na 3.40 zinatoa 0.476, 0.303 na 0.294, jumla 1.073. Ile 0.073 iliyozidi ndiyo chumvi ya kampuni, sawa na kubakiwa na asilimia 6.8 ya kila dau. Mechi ileile ikiwa na 2.20, 3.45 na 3.55 inatoa 1.026. Fanya hivyo kwa mechi kubwa na kwa mechi ya daraja la tatu ambayo hakuna anayeiangalia. Kampuni nyingi hukaza odi nzuri kwenye mechi ya bango na kujilipa kwenye zilizobaki.

Kwenye mkeka, yaani beti moja ya mechi nyingi ambazo zote lazima zitiki, chumvi hiyo inazidishwa. Mechi kumi zenye kiwango cha kwanza: kila moja inarudisha 0.932, yaani 1 ukitoa 0.068, na hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi ni 0.49. Kati ya kila 100 za mikeka ya mechi kumi, 49 ndizo zinazorudi kwa wachezaji. "Bonasi ya mkeka" ya asilimia 10 inaifikisha 54. Hata wangekupa bonasi ya asilimia 50 ingekuwa 74, bado mbaya kuliko sloti mbovu. Ndiyo sababu mkeka mrefu unasukumwa kuliko beti moja, na ndiyo sababu mkeka uliochanika kwa mechi moja unauma namna ile: umeundwa uchanike kwa mechi moja.

Matipsta, yaani wauza utabiri, nao wana hesabu yao. Anza na watu 1,024. Nusu watumie "wenyeji hawafungwi", nusu nyingine "wenyeji wanafungwa". Endelea na waliopata sahihi tu. Baada ya mechi tano wamebaki 32 walioshuhudia tabiri tano kati ya tano. Kwa hao wewe ni nabii, na ndio watakaolipia kundi la "VIP".

Anayesifia analipwa na nani

Makala za "kasino kumi bora mpya za mwaka" ni biashara yenye mikataba. Mwenye ukurasa hulipwa kwa njia moja kati ya mbili, au zote: kiasi maalumu kwa kila mteja anayeweka fedha, au sehemu ya hasara za mteja huyo, mara nyingi kati ya asilimia 25 na 50, kwa muda wote atakaocheza. Huyo anayekupa nyota tano anapata zaidi wewe ukipoteza zaidi. Weka kidole kwenye kitufe cha "Jiunge" bila kukiachia, uione anwani kamili: mara nyingi mwishoni kuna alama ya ufuatiliaji kama "btag=" au "aff" na namba. Hilo ndilo jina la mwandishi, ukitaka kumjua.

Wanaocheza mubashara mbele ya kamera wako hivyohivyo. Wapo wanaolipwa kwa saa na kujaziwa salio na tovuti yenyewe, hivyo dau la kutisha unaloliona haliwatishi. Twitch, jukwaa la kurusha video mubashara, kuanzia tarehe 18 Oktoba 2022 ilipiga marufuku kuonyesha tovuti za sloti, ruleti na dadu zisizo na leseni Marekani au katika nchi nyingine zenye ulinzi wa kutosha kwa mteja. Maonyesho hayakuisha, yalihama jukwaa.

Leseni na mahali fedha inapolala

Nembo ya leseni ni picha mpaka utakapoibofya. Ikibofyeka, iangalie inakupeleka wapi: kwenye daftari la mdhibiti mwenyewe, au kwenye ukurasa uliotengenezwa ufanane nalo. Njia salama ni kutoibofya kabisa. Nenda kwa mdhibiti kwa anwani unayoijua, tafuta namba ya leseni, halafu hakikisha anwani ya tovuti, herufi kwa herufi, imo kwenye orodha ya anwani zilizoruhusiwa. Herufi moja ya ziada inatosha kuwa tovuti ya mwizi aliyevaa shati la jirani.

Leseni hazilingani. Mamlaka ya kamari ya Malta ipo tangu 2001, Tume ya Kamari ya Uingereza imetokana na sheria ya 2005. Huko kuna ukaguzi, faini na njia ya malalamiko. Curaçao, kisiwa cha Karibi, kwa miaka mingi ilikuwa na wenye leseni mama wachache waliogawa leseni ndogo kwa wengine, na malalamiko ya mteja yalikuwa yanaelea hewani. Sheria mpya iliyoanza Desemba 2024 imekuja kuubadilisha mfumo huo. Baadhi ya tovuti mpya zimehamia leseni zinazotolewa kwa jina la Anjouan, kisiwa cha Komoro. Uliza swali moja tu kwa kila leseni: nikidhulumiwa, ni nani nitamwandikia, na amewahi kumlazimisha nani kulipa? Vyeti vya maabara kama iTech Labs ni kitu kingine: vinapima kama namba za bahati nasibu ni za nasibu kweli. Keshia hapimwi.

Leseni nzuri nayo haitoshi kama salio lako halijatengwa na fedha za kuendeshea kampuni. Full Tilt Poker ilikuwa moja ya tovuti kubwa za poka duniani. Mwaka 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walisema ilikuwa inadaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390 huku benki mkiwa na kama milioni 60. Wachezaji waliona salio kwenye skrini. Nyuma ya skrini hapakuwa na kitu. Football Index ya Uingereza ilijinadi kama "soko la hisa la wachezaji mpira", ikawa na leseni kamili, na Machi 2021 ikaanguka na fedha za watu ndani yake. Kwa tovuti za Uingereza masharti lazima yaeleze kama fedha za wateja zina ulinzi wa juu, wa kati, au hazina. Baadhi huandika kwa uwazi kwamba hazina, kwa matumaini sahihi kwamba hakuna atakayefika kifungu hicho.

Siku ya kutoa

Kuweka fedha ni sekunde kumi. Kutoa ndiko kunakofunua tabia. Fanya uhakiki wa utambulisho kabla ya kuweka chochote, maana ukiuacha utaombwa siku umeshinda: kitambulisho kikionyesha pembe zote nne, uthibitisho wa makazi usiozidi miezi mitatu, picha yako ukiwa umeshika kitambulisho. Vinavyokwamisha ni vitu vidogo: laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kaka, majina mawili kwenye akaunti na matatu kwenye kitambulisho, picha iliyokatwa ukingo. Tovuti ya kweli inakutajia kosa. Tovuti ya hila inakujibu "nyaraka haijakubaliwa" mara nne bila kusema kwa nini, huku kitufe cha "Rudisha kwenye salio" kikiwaka karibu na ombi lako linalosubiri kwa saa 72. Kitufe hicho kimewekwa hapo kwa sababu kinafanya kazi.

Jaribio la maana ni hili: weka kiwango cha chini kabisa bila bonasi, beti mara moja au mara tatu ya kiasi hicho kama masharti yanavyodai, toa, pima muda. Isipotoka, umepoteza kidogo. Ikitoka, umejua kwamba wanalipa kidogo. Wapo wanaolipa kidogo kwa makusudi. Piga skrinishoti ya masharti siku hiyohiyo pamoja na tarehe, kwa sababu hubadilishwa, na huduma kwa wateja itakunukulia toleo la leo.

Ukiambiwa ulipe kwanza, iwe ni "kodi", "ada ya uhakiki" au "amana ya kufungua akaunti", ili ushindi utoke, hapo si kasino tena. Kuna mtindo wa tovuti zinazofanana kama mapacha, kila moja ikigawa msimbo wa mtu maarufu na salio kubwa la bure, mchezo ukishinda bila kukosa, mpaka unapotaka kutoa na kuombwa amana. Salio lile lilikuwa namba iliyochorwa kwenye ukurasa.

Kundi la mwisho la matangazo haya lina soko lake maalumu. Uingereza ina mfumo unaoitwa GAMSTOP: mtu aliyeona kamari inamshinda anajiandikisha mara moja, na tangu tarehe 31 Machi 2020 kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni ya huko inalazimika kumfungia mlango. Tafuta orodha za kasino mpya na utakuta zimo zinazojitambulisha kwa jambo moja: hazimo GAMSTOP. Hakuna msomaji anayehitaji taarifa hiyo isipokuwa yule aliyekwisha kuomba afungiwe. Kwenye majedwali ya kulinganisha, yale yenye safu mbili za faida na hasara, jambo hilo huwekwa upande wa faida, likiwa na tiki ya kijani.